Sura ya Saba: Bei ya Kivuli

Ukisoma tangazo la nyumba inayouzwa Riverside, Kileleshwa au Spring Valley jijini Nairobi, mara nyingi utakuta miti imetajwa kabla ya idadi ya vyumba. Utaambiwa mtaa ni mtulivu, hewa ni safi, na bustani inateremka mpaka mtoni. Hayo kwa kawaida ni kweli, na ndiyo yanayopandisha bei. Lakini ichukue hatimiliki ya nyumba hiyo uisome mstari kwa mstari: hutaona humo mti hata mmoja. Utaona namba ya ploti, ukubwa wake, jina la mmiliki, miaka iliyobaki ikiwa ardhi imekodishwa kutoka serikalini, na masharti ya matumizi. Kivuli kilichokuvutia kinatoka kwenye mijakaranda ya jirani na mikuyu iliyoota yenyewe ukingoni. Utulivu unatokana na uamuzi wa majirani kumi wasiokujua, ambao hadi sasa hawajabomoa nyumba zao ili wajenge maghorofa. Mto wenyewe, kwa mujibu wa ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010, ni ardhi ya umma. Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba katika mtaa wa namna hii analipa fedha nyingi kwa ajili ya vitu ambavyo havitakuwa vyake kamwe. Hiyo ndiyo hoja ya sura hii, na inamwekea mnunuzi kazi mbili. Ya kwanza ni kujua kwa hakika mali yake inaishia wapi. Ya pili ni kuilinda ile mali ya wote inayoipa ya kwake thamani. Anayeipuuza ya kwanza hupoteza fedha zake. Ya pili ikipuuzwa na wengi, mtaa mzima hupotea.

Ili kuelewa thamani hiyo ilitoka wapi, tuanze na ardhi yenyewe. Nairobi imekaa mahali ambapo nyanda za juu za magharibi zinashuka kuelekea mbuga za Athi. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, na katika safari yake unapokea maji ya Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo, Mathare, Ngong na vijito vingine, kabla ya kuingia Mto Athi ambao hatimaye humwaga maji yake Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi, kwa jina la Sabaki. Upande wa magharibi una udongo mwekundu, wenye kina na unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki una udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Reli ilipofika mwaka 1899 na mji ukaanza kukua, watawala wa kikoloni walijitengea vilima vya udongo mwekundu, wakawagawia Wahindi sehemu za kati na kuwasukuma Waafrika mashariki. Viwanja vya magharibi vilipimwa kwa nusu ekari, ekari moja au zaidi, nyumba moja kila kiwanja. Mwaka 1907 kilianzishwa pia kitalu cha majaribio ya miti ili kupata kuni za injini za reli. Leo ndicho Arboretum, msitu wa hekta 30 hivi unaopitiwa na Kirichwa Kubwa kati ya Kileleshwa na Ikulu. Basi kijani tunachokiona leo kina asili mbili: udongo mzuri, na ubaguzi uliotoa nafasi kubwa kwa watu wachache. Tutairudia hiyo ya pili, maana ina pingamizi ndani yake.

Kilichozaliwa na mpango huo ni msitu ambao hakuna mtu aliyeupanda kama msitu. Ni jumla ya bustani za watu binafsi, miti ya kando ya barabara na mabonde yaliyoachwa wazi kwa sababu hayakufaa kujengwa. Kila kiwanja kilichangia sehemu kubwa ya eneo lake kuwa majani na miti, na kila mwenye nyumba akafaidi mchango wa wenzake wote. Tangu miaka ya 2000 hesabu hiyo imegeuka. Nyumba moja inabomolewa, miti inakatwa, na mahali pake panasimama fleti hamsini au mia moja zenye maegesho ya chini kwa chini. Fleti hizo zinauzwa kwa sifa ya kutazamana na miti, lakini miti inayotazamwa iko kwa jirani ambaye bado hajauza. Akiuza naye, mjenzi wa pili atauza mandhari ya jirani wa tatu. Mtaa unakuwa chama ambacho kila mwanachama anachota na hakuna anayeweka. Wa kwanza kuchota anapata faida kubwa, wa mwisho anakuta sanduku tupu, na katikati wako wanunuzi waliolipa bei ya kivuli na baada ya miaka mitano wanatazama ukuta wa jengo jingine. Ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba thamani ya nyumba kando ya mto inakua yenyewe kwa sababu mtaa una jina. Jina hubaki miaka mingi baada ya kile kilichoupa mtaa jina hilo kuondoka.

Mto nao hubadilika kwa sababu hiyohiyo. Mwezi Februari, Kirichwa Ndogo ni kijito ambacho mtoto anaweza kukivuka kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mnunuzi anayeletwa kutazama nyumba mwezi huo, saa nne asubuhi, anaona maji membamba na ukingo wenye nyasi, na anaamini kwamba bustani yake itafika pale. Akitazama kwa makini zaidi angeona dalili: chupa za plastiki, matambara na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, mahali pengine juu ya kiuno cha mtu mzima. Pale ndipo maji yalipofika masika iliyopita. Chanzo cha mafuriko hayo kinaweza kukokotolewa kwenye kipande cha karatasi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha nusu ekari kina mita za mraba 2,000 na kidogo. Kikiwa na paa, lami na matofali ya sakafu juu ya mita 1,500, mvua ya milimita 50 katika alasiri moja ya Aprili inakusanya lita 75,000, sawa na malori saba na nusu ya maji ya lita 10,000. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na udongo mwekundu ikatoka taratibu kwa wiki kadhaa. Sasa yanafika mtoni kwa muda mfupi sana, na viwanja vyote vya mtaa vinayamwaga kwa pamoja. Mto ni uleule na bonde ni lilelile, lakini kilele cha mafuriko kimepanda. Rekodi ya miaka thelathini ya mwenye nyumba mzee anayesema maji hayajawahi kumfikia ni ushahidi kuhusu mtaa ambao haupo tena.

Sheria ya Kenya inalitambua jambo hili, ingawa kwa lugha inayochanganya. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zilizuia ujenzi katika ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 nazo zikataja upana usiopungua mita 6, au upana kamili wa mto hadi kufikia mita 30, zikihesabiwa kutoka ukingo wa juu. Mnunuzi aone tofauti hiyo: kipimo kimoja kinaanzia ukingoni, kingine kinategemea mahali maji yalipowahi kufika. Katika bonde la mteremko mdogo, tofauti kati ya hivyo viwili inaweza kumeza bustani yote. La muhimu zaidi ni kwamba kanuni za 2007 hazikusema ukanda huo lazima uwe nje ya kiwanja chako. Unaweza kuwa ndani ya mawe yako ya mpaka, ndani ya hati yako, nawe ukakatazwa kujenga jengo la kudumu, kulima, kuchimba, kutupa taka au kukata miti ya asili. Tanzania ilichagua njia iliyonyooka zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mwambao. Waliojenga katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam wanaujua uzito wa kifungu hicho. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi yao walihamishiwa Mabwepande, na mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi zilipigwa alama nyekundu ya X kisha zikabomolewa.

Tuziweke mita hizo kwenye kiwanja kimoja. Chukua nusu ekari yenye upande wa mita 40 unaogusa mto. Kwa urefu itakuwa mita 50 hivi kutoka barabarani hadi majini. Ukanda wa mita 10 ukihesabiwa ndani ya kiwanja, unachukua mita za mraba 400, yaani sehemu moja ya tano. Ukiwa wa mita 30 unachukua 1,200, karibu sehemu tatu kati ya tano. Sasa muuzaji anakutajia bei ya nusu ekari, na dalali anakwambia bei kwa ekari katika mtaa huo ni kiasi fulani, hivyo unapata nafuu. Nafuu hiyo haipo. Ukigawanya bei kwa mita za mraba unazoruhusiwa kujenga, unaweza kukuta umelipa zaidi ya mara mbili ya bei ya kiwanja cha upande wa pili wa barabara kisichogusa mto kabisa, ambacho kina upepo uleule, ndege walewale na kivuli kilekile. Kutokana na hesabu hii ninatoa ushauri ambao madalali hawatoi: katika mtaa wa kando ya mto, kiwanja bora mara nyingi ni cha safu ya pili. Mwenye safu ya pili anafaidi bonde bila kubeba mzigo wake. Anayetaka safu ya kwanza aichukue kwa macho wazi, alipe bei ya kiwanja kwa ile sehemu inayojengeka, na sehemu ya chini aihesabu kama bustani aliyokabidhiwa aitunze.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la hati. Mtu atasema: nina hatimiliki, nina kibali cha kaunti, nina cheti cha mamlaka ya mazingira, nani atanigusa? Agosti 2018 ilijibu swali hilo hadharani. Ndani ya wiki moja matingatinga yalibomoa kituo cha mafuta na mkahawa vilivyokuwa juu ya mto huko Kileleshwa, kisha jengo la South End kule Lang'ata, kisha Ukay Centre pale Westlands. Baadhi ya wamiliki walisema wazi kwamba walikuwa na hati na vibali vyote. Mtu anaweza kuilaumu serikali iliyotoa vibali kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, na lawama hiyo ni ya haki. Maofisa walioidhinisha majengo yale walipaswa kuwajibika. Lakini lawama hairudishi jengo. Ibara ya 40 ya Katiba, inayolinda haki ya kumiliki mali, inasema katika kifungu chake cha 6 kwamba ulinzi huo hauihusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Na mwezi Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha Nyali kilichomeza njia ya umma ya kwenda ufuoni, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati inapotiliwa shaka, kuionyesha tu hakutoshi. Mwenye nayo lazima aonyeshe kwamba ardhi ilitolewa kihalali tangu mwanzo, na mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hawezi kujificha nyuma ya chanzo kibovu. Kwa mnunuzi wa kando ya mto uamuzi huo unamaanisha kwamba hati ni mahali pa kuanzia uchunguzi.

Pingamizi la pili ni la wahandisi, na wanaolitoa ni watu wanaojua kazi yao. Wanasema mto unaweza kudhibitiwa: ujengewe ukuta wa zege, unyooshwe, upitishwe kwenye kalvati, na ardhi iliyobaki itumike. Kwa kiwanja kimoja hilo linawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba maji hufuata mkondo, na mkondo ukibanwa kwako unatanuka kwa mwingine. Ukuta wako unayarudisha maji upande wa pili yakale ukingo wa jirani. Kalvati uliyoipima kwa mvua za jana inaziba na matawi na taka za kesho, na maji yanatafuta njia juu yake. Mto ulionyooshwa unakwenda kasi zaidi, ukimfikia wa chini mapema na kwa nguvu kubwa kuliko zamani. Kisha kuna gharama ambayo mjenzi haionyeshi: ukuta unahitaji kukarabatiwa miaka yote, na mjenzi akishauza fleti ya mwisho anaondoka, akiwaachia wenye fleti ukuta wenye nyufa na ada ya huduma inayopanda kila mwaka. Ukingo wenye mikuyu, mianzi na matete unaifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Mizizi inashika udongo, majani yanapunguza kasi, na maji yakipanda yanapata mahali pa kutandaa bila kuvunja kitu. Ule ukanda wa mita 6 hadi 30 unafanya kazi ya ukuta, na faida yake nyingine ni kwamba unavutia.

Pingamizi la tatu ni chungu, na lina ukweli mwingi. Watu husema: sheria ya mito ni ya maskini, mitaa ya kifahari haiguswi. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Huko Mathare maji yalibeba watu na nyumba, na wiki hizohizo serikali ikaamuru waliokuwa kando ya mito wahame, matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru, na familia zikaachwa kwenye mvua. Bustani za mitaa ya juu zilizofika majini hazikubomolewa kwa kasi hiyo. Anayetazama hayo anaweza kuhitimisha kwamba mwenye fedha ananunua pamoja na nyumba kinga ya kutobomolewa. Ninakataa hitimisho hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si kweli kama inavyodhaniwa: majengo yaliyobomolewa Agosti 2018 yalikuwa ya wenye nguvu, na kinga inayotegemea serikali iliyopo haina urithi, inaisha serikali ikibadilika. Ya pili ni nzito zaidi. Mto Nairobi ukitoka Riverside unapita Chiromo na Museum Hill, kisha Gikomba, kisha unaelekea Korogocho na Dandora. Kila mita ya ukingo inayozibwa kwa zege huku juu inageuka kuwa maji yanayomwingilia mtu ndani kule chini. Mwenye nyumba ya bonde la juu anayesema hatabomolewa anaweza kuwa amesema kweli, huku gharama ya ukuta wake ikilipwa na mama wa Mathare au wa Korogocho asiyewahi kuuona. Dhuluma ya kutekeleza sheria upande mmoja haiponywi kwa kuwaruhusu wote waivunje. Inaponywa kwa kuanza kuitekeleza juu, ambako maji yanaanzia.

Hapo linaibuka pingamizi la nne, lile nililoahidi kulirudia. Kijani hiki ni urithi wa ubaguzi. Kwa nini tukilinde? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, na wengi wao wanaishi chumba kimoja. Kutetea mtaa wa nyumba moja kwa nusu ekari, mtu atasema, ni kutetea uzio wa mkoloni uliobadilishiwa mlinzi. Ninakubali nusu ya hoja hiyo. Jiji linahitaji nyumba nyingi, na hakuna sababu ya haki ya kuwafungia watu wa kipato cha kati nje ya udongo mwekundu. Maghorofa yatakuja Kileleshwa na Kilimani, na yamekwisha kuja. Lakini kujenga kwenda juu na kujenga mpaka majini ni mambo mawili tofauti. Kiwanja kilichokuwa na familia moja kikiwa na familia themanini, mahitaji ya ukingo ulio wazi yanaongezeka mara themanini: watoto themanini wanahitaji mahali pa kuchezea, na mabomba ya majitaka yaliyotandazwa kwa ajili ya nyumba moja yanabeba mzigo ambao yakipasuka hauna pengine pa kwenda isipokuwa mtoni. Njia ya kuutoa urithi huu mikononi mwa wachache ni kuyafungua mabonde kwa umma, kwa njia za miguu na bustani zinazoanzia Kileleshwa hadi Eastlands. Bustani ya Michuki kando ya Mto Nairobi, iliyopewa jina la aliyekuwa waziri wa mazingira John Michuki, inaonyesha kwamba kipande cha ukingo kilichokuwa jalala kinaweza kuwa mahali pa kupumzikia mtu yeyote bila kiingilio cha ukoo au mali. Mto uliofukiwa chini ya maegesho ya magari hauwezi kurudishwa kwa yeyote, tajiri wala maskini.

Ushahidi mkubwa kwamba thamani ya mitaa hii inalindwa na umoja uko kaskazini kidogo ya Westlands. Mwaka 1998 ilibainika kwamba vipande vya msitu wa Karura vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya nyumba za kifahari. Wangari Maathai na Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alilolianzisha 1977, waliingia humo na miche ya miti. Januari 1999 walishambuliwa langoni, naye akajeruhiwa kichwani. Hawakuwa na hati ya hata mita moja ya msitu ule. Leo hekta 1,041 hivi za Karura bado ni za umma, zina mito, maporomoko ya maji na njia za kutembelea, na nyumba za Runda, Muthaiga na Gigiri zinatangazwa kwa ukaribu wao na msitu huo. Faida kubwa kabisa iliyowahi kuongezwa kwenye bei ya nyumba za upande ule iliongezwa na wanawake waliosimama mbele ya marungu wakitetea ardhi isiyo yao, na wengi wao hawakuwa na uwezo wa kununua hata lango la nyumba hizo. Mwenye nyumba anayekaa kando ya Karura ana deni kwao. Njia ya kulilipa ni kuufanyia mto wake walau robo ya walichofanyia msitu.

Basi mnunuzi afanye nini? Kabla ya kuweka sahihi, aende mara mbili: siku ya mvua kubwa, ama ya masika ama ya vuli, na siku ya kiangazi kikali, maana mvua inaonyesha kimo cha maji, nacho kiangazi kinaonyesha harufu ya majitaka. Amwajiri mwenyewe mpimaji wa ardhi aliyesajiliwa, asikubali wa muuzaji, ampe kazi ya kutafuta mawe ya mpaka, kuyalinganisha na ramani ya msajili na kuchora kwenye karatasi ukanda wa mto kwa vipimo vyote viwili. Upekuzi rasmi wa hati, ambao kwa viwanja vya Nairobi hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa 2021, utamwambia nani anamiliki leo. Wakili arudi nyuma zaidi na kuuliza ardhi ilitolewaje mara ya kwanza, kwa nani, na kama ramani ya zamani ilionyesha barabara au hifadhi ya mto mahali ambapo sasa pana ploti. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ushuru wa stempu peke yake, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Anayenunua fleti asidhani haya hayamhusu. Chini ya Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila mwenye fleti ana fungu katika mali ya pamoja, na hiyo ni pamoja na ukuta wa mtoni na kesi yoyote itakayohusu ukuta huo. Wakenya walio ng'ambo, waliotuma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu mara nyingi hununua kwa picha nyumba ambayo bado haijajengwa. Picha hizo huchorwa kiangazi daima.

Baada ya kuhamia, kazi ya pili inaanza, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa kwa kudhani wamekwisha kulipa. Mjenzi anapoomba kibali cha jengo kubwa, sheria inadai tathmini ya athari kwa mazingira, nayo ina nafasi ya majirani kutoa maoni. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa ana siku 60 za kupeleka rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Haki hizo hazina faida kwa mtu mmoja anayesikia kelele za mashine asubuhi. Zina faida kwa chama cha wakazi kinachokutana, chenye wakili, chenye ramani ya ukingo mzima na kumbukumbu ya kila mti mkubwa. Chama hicho kianze na wanachama wake: uzio uliovuka mpaka urudishwe, bomba la siri la majitaka lifungwe, miti ya asili ipandwe pale palipoachwa wazi, na ukingo uachiwe njia ya watu kupita. Chama kinachopinga maghorofa ya wengine huku bustani za viongozi wake zimefika majini hakitasikilizwa na mahakama wala na watu wa Mathare, na hakistahili kusikilizwa. Bei ya kivuli hailipwi siku ya kununua ikaisha. Hulipwa kila mwaka, kwa muda, kwa mchango, na kwa kujinyima mita chache ambazo hakuna jirani angekuona ukizichukua. Asiyekuwa tayari kuilipa hivyo anunue nyumba nzuri mahali pengine, na kwa kufanya hivyo atakuwa ameutendea mto wema. Aliye tayari aingie, na ajue tangu siku ya kwanza kwamba sehemu yenye thamani kubwa zaidi ya alichonunua ni ile iliyo nje ya ukuta wake.